Mikono ya Musa na zamu ya Jumatano

Nairobi tunajua kuzika. Mtu akifariki asubuhi, kufikia saa moja jioni kuna kundi la WhatsApp, mwenyekiti, mweka hazina na nambari ya Paybill, na watu wamejaa sebuleni kwa marehemu wakinywa chai na kupiga hesabu ya basi la kwenda nyumbani. Hata jirani ambaye hamkuwa mkisalimiana atatoa 200. Kinachotushinda ni ugonjwa usio na tarehe. Mgonjwa haponi wala hafi, wiki inaingia wiki, na lile kundi la simu polepole linageuka kuwa la kutumiana mistari ya asubuhi na picha za maua.

Haya ninayoandika yametokana na kikundi chetu cha ushirika wa nyumbani huku Umoja, tulipomuuguza dada yetu mmoja aliyeanza kusafishwa damu. Kama kanisa lenu lina vikundi vya namna hii, au jumuiya ndogo ndogo, siku moja yatawafika. Ni bora myajue mapema.

Dada huyu tulimwita Fundi. Alikuwa na kibanda cha kushona karibu na soko, chenye cherehani mbili, yake na ya msichana aliyekuwa akijifunza kazi. Presha alikuwa nayo miaka mingi, dawa akizimeza anapokumbuka au anapokuwa na pesa. Miguu ilipoanza kuvimba alisema ni kukaa sana akikanyaga cherehani. Akaanza kutapika asubuhi, hamu ya chakula ikamwisha, na siku aliposhindwa kupanda ngazi za nyumba yake bila kuketi njiani mume wake akampeleka hospitali. Figo zilikuwa zimechoka kabisa. Presha isiyotibiwa huziharibu hivyo hivyo, kimyakimya, na wengi wetu hatujapimwa tangu tuzae au tangu tuombe kazi.

Akapangiwa kwenda kwenye mashine Jumatano na Jumamosi, kila kikao kikichukua muda wa saa nne hivi. Bima ya afya ya serikali ilimlipia vikao, na watu wakisikia hivyo hudhani mzigo umekwisha. Bado kuna nauli. Kuna vipimo na sindano za kuongeza damu, kuna kodi ya kibanda kisichofunguliwa, na lazima awepo mtu wa kumsindikiza, maana akitoka kwenye mashine presha inaweza kushuka ghafla na kichwa kikazunguka. Huyo si mtu wa kusukumwa ndani ya matatu ya Jogoo Road saa ya msongamano.

Mwezi wa kwanza ulikuwa moto. Tulifanya harambee baada ya ibada, na methali ya kidole kimoja na chawa ikasemwa na kila aliyeshika maikrofoni. Wageni wakamiminika na ndizi, machungwa, parachichi, maziwa na pakiti za juisi, hata meza ya Fundi ikawa kama kibanda cha mama mboga. Karibu vyote hivyo havikumfaa. Figo zikishindwa kazi, potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula kama hivyo, hubaki mwilini, na ikizidi moyo unaweza kusimama. Maji, chai na uji navyo alipimiwa kwa kikombe kwa sababu mwili haukuwa na pa kuyatolea. Binti yake alikuwa akigawa matunda hayo kwa watoto wa ploti kila jioni, na mama anatazama tu. Basi, kabla hamjabeba chochote kumpelekea mgonjwa wa figo, mpigieni simu anayempikia. Sabuni, unga na tokeni za stima havijawahi kumdhuru mtu.

Kufikia mwezi wa tatu wageni walikuwa wamekatika. Hakuna aliyemchukia Fundi, ila kila mmoja alidhani mwingine anaenda. Tulikuja kujua hali halisi kwa sababu mmoja wetu ni mwalimu katika shule anayosoma binti yao, na aliona kiti cha msichana kiko wazi kila Jumatano. Baba yake ni soja wa usiku, na akitoka lindoni asubuhi hana nguvu hata ya kuzungumza. Kwa hiyo aliyekuwa akimsindikiza mama ni mtoto wa kidato cha tatu. Tulipomwuliza shemeji kwa nini hakutuambia, alijibu bila ukali wowote: “Ningesema nini tena? Mlishachanga.”

Alhamisi ya wiki hiyo tulifika Kutoka 17, kwa mfululizo wetu tu wa kusoma, hakuna aliyeichagua. Hadithi yenyewe tunaijua wote. Yoshua yuko bondeni Refidimu anapigana na Amaleki, Musa yuko juu kilimani na fimbo ya Mungu. Mikono yake ikiinuka Israeli wanashinda, ikishuka Amaleki wanashinda, na mikono inakuwa mizito. Mzee mmoja wetu, mwashi mstaafu, akauliza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye mahubiri: “Hilo jiwe lilitafutwa na nani?”

Tukarudi kusoma. Haruni na Huri hawakumwambia Musa ajikaze, wala hawakumpigia makofi. Kabla hawajagusa mikono yake walitwaa jiwe, wakaliweka chini yake, akalikalia. Ndipo wakaitegemeza, mmoja upande huu na mmoja upande wa pili, mpaka jua likachwa. “Mtu aliyesimama humshiki mikono siku nzima,” mzee akasema. “Mtachoka wote watatu.” Akasema pia kwamba sisi tulikimbilia mikono, yaani maombi, nyimbo na ziara, lakini Fundi alikuwa bado amesimama.

Tangu jioni ile nimeona kwamba sehemu kubwa ya kutiana moyo katika Biblia ni kazi ya mikono iliyogawanywa kwa watu wanaotajwa majina. Maneno huja baadaye, na mara nyingi ni machache. Eliya alipojilaza chini ya mti jangwani akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa na chupa ya maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baada ya safari ya kwenda Horebu. Nikitazama nyuma, ziara zetu nyingi za mwezi wa kwanza zilianza na neno na kuishia na Fundi kuinuka kutuchemshia chai.

Jiwe letu lilikuwa usafiri. Tulimwendea dereva wa teksi wa mtaani ambaye kila mtu anamjua, tukapatana 1,200 kwenda na kurudi, mvua ikinyesha isinyeshe, alipwe mwisho wa mwezi. Hiyo ni kama 10,000 kwa mwezi. Watu ishirini wakitoa 500 kila mmoja inatosha, na 500 ni kiasi ambacho mama wa mitumba anaweza kukitoa bila kuonewa huruma. Ukiomba michango ya elfu tano tano utapata shangwe mwezi mmoja, kisha kimya. Tulianza na kidogo kinachoweza kudumu, na baada ya hapo ndipo tukapanga wasindikizaji.

Kupanga zamu nilipewa mimi, kwa kuwa kazini ninashughulika na madaftari ya hadiwea na watu wanaamini kwamba anayejua kuandika risiti anajua kila kitu. Nilitumia Nehemia 3. Ukiisoma haraka ni sura ya majina ya kuchosha. Isome polepole uone mpango. Ukuta wa Yerusalemu umegawanywa vipande, na wengi wanajenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wafua dhahabu wamo, watengeneza manukato wamo, Shalumu yumo na binti zake. Hao wa mbele ya nyumba zao hawakutumwa kujenga upande wasiopita. Basi nikaacha kuuliza nani ana moyo wa kusaidia, nikauliza nani hupita wapi. Dada anayefanya kazi karibu na hospitali akachukua saa ya mwisho ya Jumatano, maana ndiyo anayotoka kazini. Kijana wa chuo asiye na masomo asubuhi akachukua kumpeleka. Anayekaa ghorofa moja na Fundi akapewa kupika siku ya mashine, na kupika kwenyewe kuna utaratibu: viazi humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa maji yakamwagwa, kisha huchemshwa tena kwa maji mapya ili potasiamu ipungue. Mtaalamu wa lishe wa kliniki ndiye aliyetufundisha, bure. Mwombeni wenu awaandikie orodha, muibandike jikoni.

Sura hiyo hiyo inasema wakuu wa Watekoa hawakutia shingo zao kazini. Kila kikundi kina wakuu wake wa namna hiyo. Nilipenda kwamba Nehemia anawataja kwa mstari mmoja kisha anaendelea na lango linalofuata. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 bila wao.

Simu zilikuja kunizidi. Dereva amechelewa, kijana ana mtihani, foleni ya mashine imesogezwa, yote yananijia mimi nikiwa kaunta. Mzee akanionyesha kwamba sura iliyofuata ile ya jiwe, Kutoka 18, ni Yethro akimwambia mkwewe Musa kwamba kukaa peke yake na watu wote tangu asubuhi hata jioni kutamdhoofisha yeye na watu pia. Tukagawa. Mmoja akabaki na dereva, mwingine na wapishi, mwingine na mambo ya kliniki. Ukiona kikundi chenu kinamtegemea mtu mmoja mwenye bidii na simu yenye chaji, mgawieni wenzake kazi kabla hajaumwa.

Wageni tuliwawekea masharti, na hili lilileta maneno. Fundi alikuwa amefanyiwa upasuaji mdogo mkono wa kushoto, mshipa mmoja wa damu ukaunganishwa na mwingine ili sindano za mashine zipate mahali pa kuingia. Wanaiita fistula. Ukiweka vidole juu yake kwa utaratibu, ngozi inatetemeka chini yake bila kukoma, na mtetemo huo ndio dalili kwamba mshipa unafanya kazi. Ukipotea, ni kupiga simu kliniki saa hiyo hiyo. Mkono huo haupimwi presha, haubebi kikapu, hauvaliwi saa ya kubana. Sasa fikiria watu waliojaa upako wanaoshika mikono ya mgonjwa na kuikaza wakati wa kukemea ugonjwa! Tukaandika kwenye karatasi mlangoni: mwombee ukiwa umemshika bega la kulia. Kuna waliocheka. Kuna mzee mmoja aliyesema tunamzuia Roho.

Lililouma zaidi ni mgeni aliyemwambia Fundi kwamba mashine ni mkongojo wa wasio na imani. Fundi alikosa kikao cha Jumamosi kwa sababu ya neno hilo. Jumapili alikuwa hawezi kulala chali, anahema kama amekimbia, maji yamejaa kwenye mapafu, tukamkimbiza hospitali usiku. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba. Walisikia habari, wakapatana waje pamoja, wakakaa naye chini wasiseme neno kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu. Walipofumbua vinywa kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia. Tangu usiku ule, anayetaka kumtembelea hupitia kwa jirani yake wa ghorofani, anakaa nusu saa, na habari za kuacha tiba haziruhusiwi. Nasema wazi kwa yeyote atakayesoma: kuomba na kwenda kwenye mashine havipingani, na anayemwambia mgonjwa achague kimoja anacheza na uhai wa mtu.

Pesa. Mweka hazina wetu ni mwaminifu, lakini michango ilikuwa ikiingia kwenye simu yake, na mwezi mmoja mtu akauliza kwenye kundi, kwa utani wa Nairobi ambao si utani, kama kiatu kipya ni cha mfuko wa Fundi. Alilia. Tulipoketi tulisoma 2 Wakorintho 8, pale Paulo anaposafirisha mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asije akawalaumu, akisema wanaangalia mambo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Paulo mwenyewe! Kwa hiyo tukahamisha michango kwenye akaunti inayohitaji sahihi mbili, na kila mwisho wa mwezi taarifa inatumwa ikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na ada za kutuma, ambazo nazo zikijumlishwa ni pesa. Manung'uniko yalipungua sana. Fanyeni hivi siku ya kwanza, mnapopendana bado.

Anayeuguza naye huumwa. Wafilipi walimtuma Epafrodito ampelekee Paulo msaada kifungoni na kumhudumia, akaugua karibu kufa, kisha akahuzunika kwamba wa nyumbani wamesikia kuwa ni mgonjwa. Paulo akamrudisha nyumbani na barua ya kuagiza apokelewe kwa furaha na kuheshimiwa. Sisi wetu alikuwa shemeji. Alisinzia lindoni, akapewa onyo la barua na mwajiri. Tulimpangia Jumamosi mbili za mwezi asiende popote, alale tu, na ilibidi wanaume wawili waende kumshawishi kwa sababu aliona ni aibu kulala mke akiwa hospitali. Binti alirudi darasani Jumatano, na hilo kwangu ndilo tunda kubwa kuliko yote.

Fundi mwenyewe alichoka kupokea. Alituambia Alhamisi moja kwamba tumemfanya mtoto. Paulo anawaandikia Warumi kwamba anatamani kuwaona ili wafarijiane, yeye na wao, kila mtu kwa imani ya mwenzake. Mtume mzima anasema anahitaji imani ya watu ambao wengi wao hajawahi kuwaona. Basi Fundi akaomba orodha ya wanakikundi ambao hawajaonekana. Sasa zile saa za kwenye mashine, mkono wa kushoto umelala na sindano, wa kulia unashika simu. Anapiga kwa mmoja mmoja. Amewarudisha watu ambao mchungaji alikuwa ameshawakatia tamaa, maana ni vigumu kumwambia mtu aliyeko kwenye mashine kwamba wewe umekosa ibada kwa uchovu. Amerudia pia cherehani kidogo, Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na huchangia mfuko wa safari 100 kila mwezi. Wengine walitaka tumrudishie. Mzee wetu mwashi akakataa katakata.

Si kila kitu kimekaa sawa. Karo ya binti ilizua ugomvi. Ndugu mmoja, kati ya wale waliojitolea tangu mwanzo, alitaka mfuko ulipe muhula mzima. Mweka hazina akasema mfuko ni wa usafiri na ukiguswa dereva hatalipwa. Nadhani mweka hazina alikuwa sahihi, ingawa ndugu yule ndiye aliyekuwa na moyo mkubwa. Maneno yalitoka ambayo hayarudishiki. Tulimsaidia shemeji kujaza fomu za basari ya eneo bunge, ikatoka sehemu tu ya karo, na waliotaka kuongeza wakaongeza nje ya mfuko.

Ndugu yule alihamia kikundi cha Donholm. Wapo waliotaka tuwaite wote wawili wapeane mikono mbele ya watu. Nilipinga. Paulo na Barnaba walishindana vikali juu ya Marko mpaka wakatengana, Barnaba akaenda Kipro na Marko, Paulo akapita Shamu na Kilikia pamoja na Sila. Matendo hayatuonyeshi wakipatanishwa kwenye jukwaa. Miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Barnaba alikuwa ameendelea na kijana yule wakati ambao Paulo hakumtaka.

Kwa hiyo tumewaacha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi bado ni zamu ya ndugu yule, hajaomba kubadilishwa, na mweka hazina humtumia taarifa ya hesabu kama anavyowatumia wengine.